Gojira na Madubwana ya Japani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila ninaposema kwamba napenda filamu za madubwana ya Kijapani, maswali huwa yale yale: nianze wapi, mbona ni mtu kavaa vazi, nani alimshinda King Kong. Nimeyakusanya hapa na kulijibu kila moja kwa urefu unaolistahili. Miisho ya filamu mpya sikuifichua. Ya zile za zamani nimeigusa pale tu ilipobidi.

Sijawahi kutazama hata moja. Nianze na ipi?

Anza na Gojira ya mwaka 1954, filamu iliyomzaa Godzilla. Ni ya Kijapani, nyeusi na nyeupe, ya dakika 96. Wengi hunipinga hapa. Husema hiyo ni ya kizee, mgeni apewe kwanza zile za kompyuta ndipo arudishwe nyuma. Sikubaliani nao. Anayeanza na mpya akirudi 1954 huitazama kama mtu anayelipa deni. Anayeanza na 1954 hubeba majonzi yake hadi kwenye kila filamu inayofuata, na hata zile za madubwana kupigana mieleka za miaka ya 70 huziona kwa jicho jingine.

Itazame usiku, taa zimezimwa. Dubwana lenyewe linachelewa kuonekana. Kwanza zinazama meli. Halafu mzee mmoja wa kisiwa cha Odo anataja jina ambalo vijana wanalicheka, na usiku ule ule wa dhoruba nyumba zinapondwa. Ukishaimaliza, nenda moja kwa moja kwenye Godzilla Minus One ya 2023, kisha Mothra dhidi ya Godzilla ya 1964. Baada ya hizo tatu utajua kama dunia hii inakufaa.

"Kaiju" maana yake nini? Na kwa Kiswahili tuseme nini?

Ni neno la Kijapani lenye herufi mbili, moja ya jambo la ajabu na nyingine ya mnyama. Akiwa mkubwa kupita kiasi huitwa daikaiju. Ufundi wote wa sinema hizi, yaani mavazi, majengo madogo, baruti na moshi, huitwa tokusatsu.

Mimi nasema dubwana. Zimwi silitumii, maana mazimwi ya hadithi zetu husema, hudanganya, hata huposa, na kaiju hana maneno. Aliye jirani yake hasa ni nunda. Katika hadithi ya Sultani Majinuni, nunda alianza akiwa paka wa nyumbani. Alipomla ndama, sultani alisema paka ni wake na ndama ni wake. Akaendelea na jibu hilo hilo kwa kila kilicholiwa, hadi paka alipowageukia wanawe, ndipo akakubali kwamba huyu si paka tena. Katika filamu ya 1954 kuna kikao ambacho waheshimiwa wanazozana kama habari za dubwana zitangazwe kwa wananchi au zifichwe. Siwezi kukitazama kikao kile bila kumkumbuka sultani.

Jina sahihi ni Gojira au Godzilla?

Yote mawili. Gojira limeunganishwa kutoka gorira, sokwe mkubwa, na kujira, nyangumi. Godzilla ni tahajia iliyotumika kuiuza filamu nje ya Japani, ikashika dunia nzima. Hapa natumia Gojira kwa filamu ya 1954 na Godzilla kwa dubwana. Watanzania wanamkumbuka pia Godzilla mwingine, rapa wa Salasala aliyefariki Februari 2019. Wapo waliomjua yeye miaka mingi kabla hawajaona hata mkia wa yule wa Tokyo.

Ni kweli filamu ya kwanza inahusu bomu la nyuklia, au wachambuzi wanatia chumvi?

Ni kweli, na Mjapani yeyote aliyeingia ukumbini mwaka ule hakuhitaji mchambuzi wa kumweleza.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilifika megatani 15, zaidi ya mara mbili ya ilivyokadiriwa. Meli ya wavuvi wa jodari iitwayo Daigo Fukuryu Maru, yenye mabaharia 23 kutoka bandari ya Yaizu, ilikuwa nje ya eneo lililotangazwa kuwa la hatari. Majivu meupe yaliwanyeshea kwa saa kadhaa. Walirudi nyumbani wakiwa wagonjwa, na tarehe 23 Septemba mwendesha redio wao, Aikichi Kuboyama, akafariki. Nchi nzima ilihofia samaki sokoni na mvua inayonyesha. Gojira ilitoka tarehe 3 Novemba, wiki sita tu baada ya kifo hicho. Na inafungukaje? Mabaharia wanapumzika juu ya sitaha, mmoja anapiga gitaa, ghafla bahari inawaka mwanga mweupe.

Mwongozaji Ishiro Honda aliipitia Hiroshima alipokuwa akirudi kutoka vitani China mwaka 1946. Aliyoyaona yamo ndani ya filamu. Kuna mwanamke ndani ya treni anayelalamika kwamba alinusurika Nagasaki, na sasa limekuja hili. Kuna mama amejikunyata barabarani na wanawe moto ukiwazunguka, anawaambia kwamba karibu watakwenda kuonana na baba yao. Kuna hospitali iliyojaa majeruhi hadi kwenye korido, na daktari anapitisha kipima mionzi mbele ya mtoto. Ngozi ya dubwana haikupewa magamba laini ya mjusi. Ina mikunjo migumu iliyowakumbusha watazamaji makovu ya walionusurika bomu. Watu milioni 9.6 hivi waliitazama filamu hii huko Japani, miaka tisa tu baada ya miji yao kuchomwa.

Ukiijua historia hii, ule mwendo wake wa polepole unaeleweka. Godzilla wa 1954 hamwindi mtu. Anapita tu, na anakopita panateketea.

Sisi Waswahili tuna uhusiano wowote na hadithi hii?

Uhusiano upo, na ni wa uchungu. Sehemu kubwa ya urani iliyotiwa katika bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, karibu na mji wa Likasi ambao zama za Wabelgiji uliitwa Jadotville. Mgodi ulikuwa wa kampuni ya Union Minière, na mkuu wake Edgar Sengier alikuwa amekwisha kusafirisha zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo hadi New York mwaka 1940, kabla Marekani haijaanza mradi wake wa bomu. Waliochimba ni Wakongo, katika jimbo ambalo Kiswahili kilienea kwenye makambi ya wafanyakazi wa migodi.

Siku moja nilipokuwa naitazama Gojira kwa mara ya tano au ya sita, wazo hilo lilinijia katikati ya tukio la hospitali, nikaisimamisha kwanza. Tangu hapo siitazami kama hadithi ya watu wa mbali.

Kuna toleo lenye Mmarekani ndani yake. Ndilo hilo hilo?

Hapana. Mwaka 1956 Wamarekani waliichukua Gojira, wakakata sehemu nyingi, wakapachika picha mpya za Raymond Burr akiwa mwandishi wa habari anayesimulia, na kuiita Godzilla, King of the Monsters!. Mazungumzo mengi kuhusu bomu yaliondoka. Burr ameigiza kwa heshima na ndiye aliyelitambulisha dubwana kwa mataifa mengi, kwa hiyo sitaki kulibeza toleo hilo. Lakini lisiwe la kwanza kwako. Filamu ya Kijapani ilivyokuwa haikupata kuzunguka rasmi katika kumbi za Marekani hadi 2004.

Kwa nini ni mtu ndani ya vazi? Hawakuwa na njia nyingine?

Ilikuwepo. Eiji Tsuburaya, fundi wa madoido, yaani zile hila za picha, wa studio ya Toho iliyotengeneza Gojira, aliipenda sana King Kong ya 1933, ambayo sokwe wake ni mwanasesere aliyesogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja. Naye angependa kufanya hivyo, ila muda na fedha havikuruhusu. Ndipo wakaamua mtu avae dubwana.

Mtu huyo ni Haruo Nakajima, na naomba jina lake ulishike. Vazi la kwanza lilitoka gumu mno hata hatua zikamshinda, wakalikata vipande na kulitumia kwa picha za miguu. La pili nalo lilikuwa na uzito wa karibu kilo 100. Chini ya taa kali za studio, ndani hamna hewa, jasho lilichuruzika hadi likawa la kumwagwa. Kabla ya kazi alikuwa akienda bustani ya wanyama ya Ueno kuwatazama dubu na tembo wanavyotembea, hasa namna tembo anavyoweka mguu chini. Alimwigiza Godzilla katika filamu 12 kuanzia 1954 hadi 1972, na alifariki Agosti 2017 akiwa na miaka 88. Mwaka ule ule wa 1954 alikuwa pia mmoja wa majambazi katika Seven Samurai ya Akira Kurosawa. Takashi Shimura, kiongozi wa samurai wale, ndiye mwanasayansi Yamane katika Gojira.

Sasa kuhusu uzito ule unaouona kwenye picha. Kitu kidogo kikianguka huanguka haraka, na jicho linajua. Dawa yake ni kuendesha kamera kwa kasi, fremu nyingi kwa sekunde, halafu kuonyesha kwa mwendo wa kawaida: matofali yanaporomoka taratibu, vumbi linapanda taratibu, jengo linakuwa jengo. Mafundi walijenga Tokyo kwa kipimo cha moja kwa ishirini na tano, na mnara wa saa wa duka la Wako pale mtaa wa Ginza ukiwemo. Majengo yalidhoofishwa kwa makusudi ili yabomoke vizuri, maana pigo moja likikosewa ni wiki za kazi zimepotea.

Huwa naumia nikisikia mtu anacheka, "Ona, ni mpira tu." Ni mpira, ndiyo. Ndani yake kuna binadamu aliyebeba kilo 100 gizani akijaribu kukanyaga kama tembo. Kompyuta hufanya mengi mazuri, na nitayataja, lakini lile vumbi la kweli kuuzunguka mguu wa kweli bado hunisisimua kuliko chochote.

Mlio ule wameupata wapi?

Kwa mtunzi wa muziki, Akira Ifukube. Walijaribu sauti za wanyama, hazikufaa. Ifukube akachukua gambusi kubwa la Kizungu lile la kusimama, kontrabesi, akalegeza uzi na kuusugua kwa glavu ya ngozi iliyopakwa utomvu wa msonobari. Sauti iliyotoka ikapunguzwa kasi. Ndiyo maana mlio una kitu cha kulia ndani yake. Muziki wa filamu ni wake pia, na ile ngoma ya kutembea ya mwanzoni imerudi katika filamu nyingi, hadi Minus One.

Watu wanataja Showa, Heisei, Milenia, Reiwa. Ni nini, na lazima nifuate mpangilio?

Si lazima hata kidogo. Showa, Heisei na Reiwa ni majina ya enzi za wafalme wa Japani, na mashabiki huyatumia kugawa makundi, ingawa tarehe hazilingani sana na za ufalme. Showa ni filamu 15 kuanzia 1954 hadi 1975. Heisei ni 7, kutoka 1984 hadi 1995, na hizi tu ndizo zinazofuatana kama hadithi moja, kwa hiyo hapo mpangilio unasaidia. Milenia ni 6, 1999 hadi 2004, karibu kila moja ikianza upya na kukumbuka ile ya 1954 peke yake. Reiwa ni jina tunaloziita zilizoanza na Shin Godzilla mwaka 2016.

Katika Heisei usiikose Godzilla dhidi ya Biollante ya 1989, yenye waridi lililochanganywa na chembe za dubwana na za binti aliyekufa. Katika Milenia itafute ile ya 2001 ya Shusuke Kaneko, ambapo Godzilla ana macho meupe matupu na amebeba roho za waliouawa katika vita vya Pasifiki. Inatisha kwelikweli.

Mbona za miaka ya 60 na 70 ni za kitoto?

Kwa sababu walioendelea kwenda sinema walikuwa watoto. Televisheni iliingia majumbani, wakubwa wakabaki nyumbani, bajeti zikapungua, studio zikarudia picha za zamani ndani ya filamu mpya. Godzilla akapata mwana mwaka 1967, na polepole akageuka mlinzi wa dunia.

Sizikatai. Ghidorah mwenye vichwa vitatu, aliyetokea Desemba 1964, ni kati ya sura nzuri kuliko zote zilizobuniwa katika sinema, na vichwa vyake viliendeshwa kwa nyuzi na mafundi waliokuwa juu ya dari. Na isiniambie mtu kwamba Godzilla dhidi ya Hedorah ya 1971 ni ya kitoto. Yoshimitsu Banno aliitengeneza wakati Japani ikisongwa na moshi wa viwanda na sumu baharini. Hedorah ni tope la taka lililopata uhai, linavuta moshi kwenye bomba la kiwanda kama mtu avutaye sigara, na watu wakipitiwa naye nyama huyeyuka ikabaki mifupa. Ndani yake kuna michoro ya katuni, dansi, wimbo wa kulaani uchafuzi, na paka aliyezama kwenye tope. Haina mpangilio mzuri, naipenda hivyo hivyo. Yeyote aliyeishi karibu na mto unaopokea maji ya kiwanda ataielewa bila tafsiri.

Wale watu wa visiwani katika Mothra na King Kong ni Wajapani waliopakwa rangi?

Ndiyo. Katika Mothra ya 1961 na King Kong dhidi ya Godzilla ya 1962, wenyeji wa kisiwa ni waigizaji wa Kijapani waliopakwa rangi nyeusi mwilini, wakicheza ngoma za kubuni. Mtazamaji Mwafrika anaona haraka sana, na ana haki ya kukerwa. Mimi hukerwa kila mara.

Mothra inanipa shida zaidi kwa sababu moyo wake uko upande wa wanyonge. Kisiwa kimefanyiwa majaribio ya bomu na taifa kubwa lililobuniwa, mfanyabiashara anawaiba mabinti wawili wadogo kama wanasesere ili wamwimbie jukwaani, na nondo mkubwa anakuja kuwadai. Mabinti hao ni pacha waimbaji Emi na Yumi Ito, waliojulikana kama The Peanuts, na maneno ya wimbo wao wa kumwita Mothra ni ya Kiindonesia. Filamu inayotetea watu wa kisiwa imeshindwa kuwapa nyuso zao wenyewe. Nakushauri uitazame, ukiwa umeshaambiwa.

Nani alishinda mwaka 1962, Kong au Godzilla?

Kong. Wote wawili wanatumbukia baharini, Kong anaibuka na kuogelea kwenda kwao. Ile habari kwamba toleo la Japani lina mwisho tofauti ambapo Godzilla ndiye mshindi ni uzushi ulioishi miaka mingi. Tofauti iliyopo ni kwamba katika toleo la Japani milio ya wote wawili inasikika mwishoni.

Godzilla ana urefu gani?

Hubadilika, na kuna sababu ya kupendeza. Mwaka 1954 alikuwa mita 50, za kutosha kuchungulia juu ya mapaa ya Tokyo ya wakati ule. Mwaka 1984 jiji lilikuwa limeota maghorofa, wakamrefusha hadi mita 80, na 1991 akafika 100. Wa Shin ni mita 118.5. Wa katuni za 2017 na 2018 anapita mita 300. Minus One, ambayo hadithi yake iko katika Japani ya baada ya vita, ilimrudisha kwenye mita 50 na kidogo. Hata hivyo yeye ndiye aliyenitisha zaidi, kwa kuwa kamera iko chini, karibu na miguu, pale mtu anapokuwa akikimbia.

Gamera ni nani?

Kobe mkubwa anayeruka kwa kutoa moto sehemu za miguu, aliyebuniwa na studio ya Daiei mwaka 1965. Kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa mdogo wake Godzilla, rafiki wa watoto. Halafu Shusuke Kaneko na fundi wa madoido Shinji Higuchi wakatengeneza filamu tatu, 1995, 1996 na 1999, na nitasema wazi: hizo tatu kwa pamoja zinazishinda filamu zote za Godzilla za muongo ule.

Ya 1999 hasa. Inamfuata binti aitwaye Ayana, ambaye wazazi wake walikufa Gamera alipokuwa akipigana "kuokoa" watu. Anamchukia shujaa wetu, na chuki yake inalea dubwana jingine. Sote tuliokuwa tukishangilia majengo yakianguka tunaulizwa: ndani ya jengo lile alikuwa nani? Kuna tukio la Shibuya usiku ambalo nimeshawaonyesha watu wasiopenda kabisa filamu hizi, wakanyamaza.

Usianze na hiyo ya tatu. Zitazame kwa mfuatano.

Na Ultraman?

Ni shujaa wa televisheni, 1966, kutoka kampuni ya Tsuburaya yule yule. Mavazi ya Godzilla yalitengenezwa upya na kutumika humo kama madubwana mengine. Anahitaji ukurasa wake.

Shin Godzilla imejaa mikutano. Nivumilie?

Vumilia, kwa sababu mikutano ndiyo filamu. Hideaki Anno na Shinji Higuchi waliitoa 2016, miaka mitano baada ya tetemeko, tsunami na ajali ya kinu cha nyuklia cha Fukushima. Dubwana linatambaa mjini likivuja damu kwenye mashavu yaliyo kama ya samaki, macho yametoka, na serikali inahama kutoka chumba kimoja cha mkutano hadi kingine ikitafuta kifungu cha sheria kinachoruhusu kulipiga. Wanasubiri saini, waziri anasubiri mtaalamu, mtaalamu anasubiri takwimu. Aliyewahi kuzungushwa na ofisi, njoo kesho, bosi hayupo, atayafahamu maumivu yale.

Kisha linafika usiku, linafungua kinywa, na sitaeleza zaidi. Mwendo wa dubwana ulichukuliwa kutoka kwa Mansai Nomura, mwigizaji wa kyogen, mchezo wa jukwaani wa karne nyingi. Ndiyo maana linatembea kama kitu kisicho na haja na sisi. Filamu hii ilishinda tuzo ya filamu bora ya Chuo cha Filamu cha Japani.

Kwa nini Minus One ilisifiwa hivyo? Na ni kweli ilitengenezwa kwa fedha kidogo?

Kweli. Takashi Yamazaki aliandika, akaongoza na kusimamia madoido mwenyewe. Picha 610 za madoido zilifanywa na watu 35 hivi, kwa bajeti ambayo mwenyewe alisema haikufika dola milioni 15. Filamu kubwa za Hollywood hutumia zaidi ya mara kumi ya hizo. Machi 2024 ikachukua Oscar ya madoido, ya kwanza kwa filamu yoyote ya Godzilla tangu 1954. Yamazaki na wenzake walikwenda kwenye sherehe wakiwa na sanamu ndogo za dubwana mikononi na viatu vyenye Godzilla kisiginoni. Nilifurahi kana kwamba ameshinda mtu wa kwetu.

Lakini fedha si sababu ya sifa. Sababu ni Shikishima, rubani aliyetumwa kufa na ndege yake, akakataa kufa, akasingizia ubovu wa injini. Anarudi Tokyo iliyoungua na kukuta jirani anayemlaumu kwa kubaki hai. Anaishia kulea mtoto yatima pamoja na mwanamke asiye mke wake. Tunawapenda watu hawa kabla dubwana halijafika Ginza, na hilo ndilo linalokosekana katika filamu nyingi za aina hii. Nilimkuta dada yangu akilia, naye aliketi hapo akisubiri taarifa ya habari tu.

Filamu za Marekani je?

Ile ya 1998 ya Roland Emmerich ina mjusi mkubwa anayekimbia na kujificha. Kama filamu ya mjusi haina ubaya, kama Godzilla hapana. Za kampuni ya Legendary zilianza 2014 na Gareth Edwards, ambaye alielewa ukubwa: milango inafungwa, moshi unatanda, tunaona kipande tu. Baadaye zikaelekea mieleka na Kong, hasa 2021 na 2024, na ukikaa na vijana wa mtaani wakishangilia utafurahi. Ni ndugu wa zile za miaka ya 60, na nashangaa wanaozipenda hizi huku wakizicheka zile.

Nitazame kwa Kijapani chenye maandishi, au iliyoingizwa sauti?

Kwa 1954, Shin na Minus One, Kijapani. Sauti za waigizaji ni nusu ya filamu. Kwa zile za mieleka, chochote ulicho nacho.

Na ukibahatika kupata mtu anayeingiza maneno ya Kiswahili juu ya filamu, kama tulivyozoea kwenye vibanda umiza, usione haya. Japani yenyewe, enzi za filamu zisizo na sauti, ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia wakieleza na kuigiza sauti zote, na watu walikwenda ukumbini kwa ajili ya msimulizi. Godzilla ya kwanza niliyoiona maishani ilikuwa hivyo, benchi la mbao, na msimulizi alimpa dubwana jina la babu yake. Sikuelewa nusu ya hadithi. Nilirudi kesho yake.

Mwanangu ana miaka sita. Nimwonyeshe ipi?

Mothra dhidi ya Godzilla, mchana, ukiwa umekaa naye. Ile ya 1954 isubiri hadi awe mkubwa wa kuuliza kuhusu yule mama na wanawe barabarani, nawe uwe tayari kumjibu. Hedorah usimwonyeshe kabla ya kulala.